Siku Nne Karibu na Mama

Neno likizo nimelijua nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Kambini Tanzania, nilikokulia, hakukuwa na likizo, kulikuwa na kukaa tu. Unakaa unangoja posho, unakaa unangoja bomba lifunguliwe, unakaa unangoja jina lako libandikwe ubaoni. Halafu nikaletwa Louisville, nikapata kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala, na siku moja msimamizi akaniambia nina siku za kupumzika na nisipozitumia zitapotea. Nilidhani ananifukuza kazi kwa adabu. Nikamwomba azigeuze ziwe ovataimu, na yule bwana alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kwa hiyo mwaka 2014, ndugu yetu alipotuma picha za nyumba ya mawe huko mashambani Ufaransa akisema tuikodi, twende tupumzike siku nne, hakuna hata mmoja wetu aliyejua jambo hilo linaanzia wapi.

Kwa mama tuko wanne. Dada yetu mkubwa anaishi Buffalo, anafanya kazi kiwanda cha kufua mashuka ya mahotelini. Mimi niko Shively, kusini magharibi ya Louisville. Mdogo wangu wa kike yuko Columbus, anatunza wazee. Kitindamimba wetu, kijana pekee, yuko Ufaransa, anakamua ng'ombe wa mzee mmoja katika kijiji ambacho duka la mikate likifungwa Jumatatu basi kijiji kizima kimefungwa. Mama alikuwa anaishi kwake.

Jinsi mama alivyobaki nyuma yetu, nitaeleza mara moja kisha niliache. Tulipoitwa kwenye mahojiano ya kuja Marekani, huyo kitindamimba alikuwa ametoka kambini kwa siri kwenda kufanya vibarua vya kulima vijiji vya jirani. Siku ya mahojiano hakuwepo, jina lake likakatwa. Mama akasema yeye haendi popote amwache mtoto wake wa mwisho, na kama wanamkata kijana, wamkate na yeye. Wakamkata. Sisi dada watatu, kila mmoja na watoto wake, tukapanda basi. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, mwingine nimemshika mkono, na begi lenye karatasi nimeling'ata kwa meno. Mama sikumuaga, nilimtikisia kichwa tu.

Kule kambini faili la familia tuliliita kesi, na watu wazima walionyana kila siku: msigawanye kesi. Familia iliyogawanya kesi, huyu kapelekwa Australia, huyu kabaki, ndiyo hiyo tuliyosikia haikuonana tena. Sisi yetu iligawanyika tukiiona kwa macho. Basi ndani ya lile basi nilijiapia kwamba haitagawanyika tena, kwa jambo lolote, maadamu mimi niko hai. Nina kichwa kigumu. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso.

Miaka ikapita. Kijana akafika Ufaransa kwa njia zake, ambazo mpaka leo hajatusimulia zote, akapata karatasi, akahangaika hadi akamleta mama. Tulifurahi kama watu waliofufuliwa. Lakini mama alifika akiwa ameshachoka. Moyo ulikuwa umepanuka, miguu ikivimba jioni, na daktari wa huko akasema ndege asipande tena. Maana yake ilikuwa wazi: kama tunataka kumwona, sisi ndio twende, na tusichelewe.

Ile nyumba ya mawe ilikuwa ya mama mmoja mjane, jirani wa yule mzee wa ng'ombe. Ina vyumba vinne, mahali pa kuota moto, na bustani yenye miti ya tufaha. Watu wa mjini huikodi kwa siku chache. Mjane alisema mwisho wa Mei ya mwaka uliofuata iko wazi. Mpango wa kijana ulikuwa kumhamishia mama pale kwa hizo siku nne, ili tulale naye wote. Nilipompigia mama kumwambia, aliuliza vyumba viko mbali mbali kiasi gani. Halafu akasema, "Nataka kuwasikia mkikoroma nyumba moja."

Sisi Warundi wa kambini jambo lolote likiwa kubwa tunaliundia kamati. Harusi ni kamati, msiba ni kamati, mtoto akimaliza shule ni kamati. Basi tukaunda kamati ya likizo. Watu watatu: dada mkubwa mwenyekiti, mimi katibu, mdogo wangu mjumbe, na mjumbe alilalamika kwamba hana cheo. Mkutano wa kwanza tuliufanya mapema, Oktoba ya mwaka huohuo, na tuliufanyia Columbus kwa sababu ndiko katikati. Dada alishuka na basi kutoka Buffalo akiwa amebeba sufuria ya maharage yaliyoiva, kana kwamba Columbus hakuna maharage. Tulifungua kwa sala, tukafunga kwa sala, na katikati tukabishana.

Mdogo wangu alitaka kujua mtu akifika mashambani anafanya nini siku nne. Tukampigia kijana. Akasema watu huja kutembea, kukaa nje, kutazama ng'ombe. Mdogo wangu akauliza, yaani mimi nipande ndege mbili nikatazame ng'ombe? Tumekimbia mashamba tukiwa watoto, leo tunalipa kurudi mashambani? Tulicheka mpaka binti yake akatoka chumbani akatuuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu anaumwa. Mimi niliandika yote kwenye daftari. Dagaa na unga wa muhogo nitabeba mimi, kwa sababu duka la Waafrika la Louisville lina dagaa wasio na mchanga. Vitenge vya sare, mdogo wangu. Dada atapika siku ya kwanza, asiguswe. Mama alale chumba cha chini asipande ngazi. Nani alale na mama chumba kimoja, hilo lilitugombanisha kwelikweli, mpaka mwenyekiti akatoa uamuzi kwamba tutapokezana usiku mmoja mmoja, na usiku wa nne wote tutandike sakafuni. Daftari hilo bado ninalo na silifungui.

Kilichobaki kilikuwa paspoti. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshaapa uraia mwaka huo, paspoti zetu tunazo. Dada alikuwa na mtihani wa uraia Novemba. Hakuwahi kusoma hata darasa moja, kwa sababu alikuwa akitulea sisi. Majibu ya historia aliyajua yote kichwani, anayataja huku anakunja mashuka. Kilichomshinda ni kusoma sentensi moja kwa Kiingereza, kwenye karatasi, mbele ya mtu aliyevaa tai. Novemba ikamshinda. Januari akapewa nafasi ya pili, ikamshinda tena. Ilibidi aombe upya kutoka mwanzo, na huko mwanzo foleni ni ya miezi na miezi. Kulikuwa na njia nyingine, karatasi ya safari ya mkimbizi pamoja na viza, akaijaribu, ikarudishwa kwa sababu tarehe zake za kuzaliwa hazikufanana katika karatasi mbili. Alitupigia kutuambia, akacheka kicheko ambacho hakikuwa kicheko, akasema kichwa chake kimejaa sabuni.

Alipokata simu, mdogo wangu akanipigia mimi peke yangu. Akasema tumpe dada pole, halafu twende sisi wawili. Mama hali yake si ya kungoja. Dada atakwenda akipata.

Nataka kuandika hapa nilichojibu kama nilivyojibu, nisijipake mafuta. Nilimwambia, "Unataka kugawanya kesi. Ya kwanza haikukutosha?"

Akasema kwa upole kwamba hii si kesi, hii ni likizo, hakuna mzungu anayekata majina, tiketi inanunuliwa kwenye simu. Mimi nikapandisha sauti. Nilimwambia dada alituogesha, alitubeba, alikosa shule kwa ajili yetu, na sasa tukakae bustanini na mama tukimtumia picha? Mama atatuhesabu mmoja mmoja mlangoni na ataona pengo. Wote au hakuna. Mdogo wangu alilia. Mimi ni mkubwa kwake, na kwetu mkubwa akishasema hivyo, mdogo hubishana kidogo kisha anaacha. Aliacha. Nilikata simu nikijiona mtu mwema sana.

Ikabaki jinsi ya kumwambia dada. Tukimwambia tumeahirisha kwa sababu yake, aibu itamuua. Huyo ni kifungua mimba, hajazoea kuwa mzigo kwa mtu. Kwetu mtu mzima humwaibishi; unatafuta ukuta mwingine uusukumie lawama. Nikaupata. Niliandika kwenye kikundi chetu cha simu, mama naye akisomewa na kijana, kwamba bosi wangu amekataa kunipa ruhusa, Mei kuna kazi nyingi, tusogeze hadi mwaka ujao. Hakuna aliyeuliza swali. Maghala yalivyo, nani asingeamini? Dada alijibu kwamba nisijisumbue, kazi ni kazi. Hata nilimsikia ameshusha pumzi, au nilijidai nimesikia.

Ukweli ni kwamba ruhusa nilikuwa nimeshapewa. Nilikuwa nimemweleza msimamizi, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba mama yangu ni mgonjwa na sijamwona tangu mtoto wangu awe wa mgongoni. Hakunikawiza hata kidogo. Aliweka sahihi palepale, akaniambia nimsalimie mama. Juma hilo la Mei nilipomtokea kazini alishangaa, akauliza mama vipi. Nilimwambia mpango umebadilika. Akaniangalia, akasema kama ninataka siku zile zingine za mwaka huu, nimwambie tu. Nilikwenda kufunga maboksi. Saa ya chakula nilizitazama picha za ile nyumba, nikajipa moyo kwamba matufaha mazuri huwa mwezi wa tisa.

Mama hakulalamika kamwe. Nikimpigia ananiuliza watoto wamekula nini, na kama baridi imeisha. Julai sauti yake ikaanza kukatika katikati ya neno, anapumzika, anaendelea. Kijana akasema analala ameketi kwa sababu akilala chali anakosa hewa. Mdogo wangu alinipigia tena. Hakubishana safari hii. Aliniuliza tu, una uhakika? Nilimwambia dada ameshaandikishwa tarehe mpya, ni Novemba, tuvumilie. Namna nilivyokuwa na uhakika inanichoma hadi leo.

Mama alifariki Oktoba, Jumanne. Nilikuwa kwenye mapumziko ya asubuhi, nimeshika kikombe cha karatasi chenye chai. Kijana alisema tu, "Dada, mama amepumzika." Nakumbuka niliuliza amepumzika saa ngapi, kama mtu anayeuliza basi limeondoka saa ngapi. Msimamizi ndiye aliyenipeleka nyumbani kwa gari lake. Njia nzima sikuweza kumtazama.

Siku ileile mdogo wangu akanunua tiketi. Hakuniuliza mimi, na sikustahili kuulizwa. Alisema twende. Paspoti yangu ilikuwa kabatini, ningeweza kwenda. Lakini Buffalo dada alikuwa amefiwa na mama, hana pa kwenda, na kwetu mfiwa haachwi peke yake ndani ya nyumba. Mdogo wangu akaenda kuzika. Mimi nikapanda basi la kaskazini kwenda kukaa na dada. Ndivyo kesi ilivyogawanyika, na mama hayupo tena.

Dada anaishi West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ya zamani. Ngazi zinalia ukipanda, na juma lile zililia mchana kutwa. Watu wa kanisa walikuja, Warundi na Wakongo, wakavua viatu mlangoni mpaka pakawa hakuna pa kukanyaga. Walitandika mikeka, wakaimba, wakaleta maandazi na chai ya maziwa kwenye machupa. Mama mmoja wa Bukavu, anayefanya kazi na dada kule kwenye mashuka, alikuja kila siku akitoka kazini, anakaa, anasema, "Bon, tuko pamoja na weye," kisha hasemi tena. Watoto wa dada waligawa vikombe wakinong'onezana Kiingereza. Kwa simu mdogo wangu alituonyesha kaburi, na udongo wake ulikuwa mweusi na mzuri, udongo wa mtu anayelima. Yule mjane alimpa ile nyumba ya mawe alale bure. Alilala peke yake katika vyumba vinne.

Jumapili alasiri watu wote walikuwa kanisani, tukabaki mimi na dada. Alikuwa anaosha vikombe, mimi ninafuta. Alikuwa ametulia kuliko siku zote zile. Akaniambia kuna neno anataka kuniambia kama mkubwa wangu, nisikasirike. Nikasema sema.

"Usimchukie bosi wako," akasema. "Najua unamchukia. Mimi pia nilimchukia. Lakini mama hakumchukia."

Niliacha kufuta. Akaendelea, akisugua kikombe kilekile. Alisema tangu Mei mama alikuwa akimwombea huyo bosi kila asubuhi. Kijana alimsikia, na mama mwenyewe alimwambia dada kwa simu. Jina lake hakulijua, akawa anamtaja yule bwana wa maboksi. Anaomba Mungu amlainishe moyo, amruhusu mwanangu aje. Hata juma la mwisho, pumzi haimtoshi kumaliza Baba Yetu, ya bwana wa maboksi aliimaliza. Dada akasema alitaka nijue, ili nisibebe kinyongo, kwa sababu mama hakufa na kinyongo.

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo kuna siku natamani ningenyamaza. Lakini nilikiweka kile kikombe mezani, nikamwambia dada kwamba yule bwana aliniruhusu siku ileile niliyomwomba. Nikamwambia yote, la paspoti, la mdogo wetu kutaka twende wawili, na kwamba ni mimi niliyekataa. Nikasema tulikuwa tunakusubiri wewe.

Alifunga bomba. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Kwa nini hamkuniuliza?"

Nikasema hatukutaka kukuaibisha.

"Mngeniuliza ningesema nendeni," akasema. "Nilikuwa nimeshamnunulia mama soksi za kumbana miguu, nilitaka mmpelekee."

Alilifungua tena bomba akaendelea kuosha, na mimi nikashika kitambaa nikaendelea kufuta, maana watu walikuwa wanarudi kutoka kanisani na vikombe vingehitajika. Niliwasikia wakipanda ngazi. Walinikuta nalia, wakanikumbatia, wakaniambia pole, kila mtu ana siku yake ya kurudi kwa Mungu. Walidhani namlilia mama kwa kuwa amekufa. Hilo nilikuwa nimeshalilia tangu Jumanne. Pale nilikuwa nalia kwa sababu ya ile miezi, Mei mpaka Oktoba, mama yangu akiamka asubuhi, ameketi kitandani, akitumia pumzi yake kidogo kumwombea mtu aliyekwisha kukubali, wakati aliyekataa nilikuwa mimi.